Uliza Fundi: Mzigo Tani 2, Winchi ya Tani 50 ya Nini?

Mvua zimekata huku kusini na kila mtu kashika mchanga na kokoto, kwahiyo barua za mwezi huu karibu zote zinaongelea kunyanyua vitu vizito. Nimechagua tano. Nikisema winchi hapa namaanisha lile gari lenye bumu refu, yaani mkono wa chuma wa kunyanyulia, wengine mnaita kreni, ni kitu kilekile.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana mjenzi hapa Mtwara, nina kazi ya ghala la korosho njia ya kwenda Naliendele, upana mita 24 urefu mita 60, nguzo za chuma zimesimama zote. Nina kenchi 11 za chuma za kubeba paa, zote za kupandisha, kila moja inakaribia tani 2. Nimepata winchi ya tani 25 hapahapa mjini, lakini jamaa mwingine kaniambia hiyo haitoshi, nitafute ya tani 50 na itabidi itoke Dar. Mzee wangu naona kama napigwa, tani 25 si mara kumi na mbili ya mzigo wangu? Zege la sakafu tunamwaga Jumatatu ili winchi ikija ikute pasafi, itasimama nje pembeni ya ukuta na kupandisha kutokea pale. Nishauri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe nilikupigia siku ileile barua ilipofika mana hiyo Jumatatu ilinitisha, na umeniruhusu niyaandike hapa tuliyoongea ili wenzako wafaidike.

Hupigwi. Huyo aliyekwambia tani 50 kasema kweli kwa jinsi ulivyopanga kazi, tatizo liko kwenye mpango wenyewe. Tani inayoandikwa ubavuni mwa winchi ni uzito inaoweza kunyanyua mzigo ukiwa karibu kabisa na mashine, mita 3 hivi kutoka katikati ya pale bumu linapozungukia. Ukishaanza kusogeza mzigo mbali uwezo unaporomoka, na hauporomoki kidogo kidogo. Umewahi kubeba ndoo ya maji ukiwa umenyoosha mkono mbele? Ndoo ni ileile lakini mkono unatetemeka, na mashine nayo inasikia hivyohivyo. Winchi nyingi za tani 25 zikifika umbali wa mita 10 zinabaki na kama tani 6, zikifika mita 18 zimeshashuka mpaka kwenye tani 2, nyingine na chini ya hapo, inategemea bumu limetolewa kiasi gani. Haya yote yameandikwa kwenye chati ya mzigo, karatasi au bamba linalokaa kwenye kabini ya opareta, na kila mashine ina chati yake. Usikubali ya mashine nyingine hata kama zimefanana rangi.

Sasa chukua kwako. Nusu ya upana wa ghala ni mita 12, winchi lazima ikae mbali na ukuta kidogo ili miguu yake ya pembeni, ile ya kuizuia isipinduke, ifunguke, weka mita 3, na kutoka ukingo wa mashine mpaka katikati yake weka mita 3 nyingine. Hiyo 18. Na mzigo wako sio tani 2, mana ndoano na puli zake zinahesabiwa kama mzigo, na lile boriti la chuma la kushikia kenchi ndefu lisipinde, na mikanda, na shako, zile pete za chuma za kuungia. Ukijumlisha unafika tani 2 na nusu mpaka 2.6. Kwenye chati umeshapita. Hata kama ingekuwa inagusa tu mimi nisingekubali, mana sijawahi kupanga kazi kwa zaidi ya robo tatu ya kile chati inachosema, hiyo robo inayobaki ni ya upepo na ya mkono wa binadamu.

Ndo mana nilikwambia simamisha zege. Ardhi ya ndani ikiwa bado ya kawaida, imeshindiliwa vizuri, winchi inaingia NDANI ya ghala. Inaanza mwisho kabisa, inapandisha kenchi ya kwanza ikiwa mita 7 au 8 tu kutoka kwenye mzigo, halafu inarudi nyuma mita 6, inapandisha ya pili, inarudi tena, mpaka inatokea mlangoni na kenchi ya mwisho inaipandishia ikiwa nje kwa mbele. Kwa umbali huo winchi yako ya tani 25 ya hapahapa Mtwara inafanya kazi bila kutoa jasho, na hela ya kuleta tani 50 kutoka Dar, kilomita 560 kuja na 560 kurudi, inabaki mfukoni. Ukuta wa upande wa mlango usiujenge mpaka mashine itoke. Zege mwaga baada ya paa, na tena litakauka kivulini, jua la huku unalijua.

Kitu kimoja nakusisitizia kwa moyo wote. Kenchi ya kwanza ikishakaa juu ya nguzo iko peke yake, haina mwenzake wa kuishika, ukiilegeza ndoano bila kuifunga inalala kama mlango uliong'olewa bawaba. Ifunge kwa kamba za waya nne, mbili kila upande, mpaka chini kwenye vigingi vya maana, na usizifungue hata ya pili na ya tatu zikishafungwa pamoja, fungua ukiona sehemu nzima imeshika. Vijana wanaumia hapo na wanaumia kwa haraka ya kuwahi winchi isizidishe masaa. Bora ulipe saa moja zaidi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama mjenzi Newala, nimenunua tanki la plastiki la lita 10,000 la kuvunia maji ya mvua, nataka likae juu ya mnara wa mita 6 ili maji yafike jikoni na bafuni kwa presha. Fundi wa hapa anasema lazima nikodi winchi kutoka Mtwara. Bei niliyotajiwa inazidi bei ya tanki.

JIBU: Mama yangu, usikodi. Tanki la plastiki la lita 10,000 likiwa tupu halifiki hata kilo 300, ni kubwa kwa macho tu. Tafuta gari la hiabu, yale malori yenye mkono wa kunyanyulia nyuma ya kichwa, yanapita barabara ya Mtwara–Newala–Masasi kila wakati yakibeba nondo na nguzo za umeme, ongea na dereva akiwa anarudi na gari tupu bei inakuwa nyingine kabisa. Muulize mkono wake unafika mita ngapi kwenda juu, mana mnara mita 6 na tanki lenyewe linakaribia mita 3. Ukikosa hiabu, boriti imara juu ya mnara, cheni bloku (puli ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono) ya tani 1 na vijana wanne wanaosikilizana vinatosha, asubuhi kabla upepo haujaanza, na kamba mbili za kuliongoza lisigonge mnara.

Nguvu yako na hela yako ipeleke kwenye mnara. Maji lita 10,000 ni tani 10, yaani sawa na lori lililojaa mchanga limekaa juu ya nguzo nne usiku na mchana, halafu upepo wa uwanda wa Makonde unajua unavyovuma hasa pale ukingoni. Fundi wako akuoneshe mchoro wa msingi na nondo na ukapate injinia wa halmashauri autazame. Na juu pawe na sakafu nzima bapa, tanki la plastiki likikaa kwenye mbao zenye nafasi linapasuka chini.

SWALI: Mzee wa safu, kuna mtu kaniambia kabla winchi haijanyanyua chochote kuna kuangalia ardhi. Nipo Mikindani, saiti ni mchanga, miguu ya winchi si ndo kazi yake kushika? Kwani lazima niweke mbao chini?

JIBU: Kaka, hili swali ningeweza kulijibu kwa neno moja lakini nitakueleza kwa nini silichukulii wepesi.

Miaka ya nyuma nilikuwa riga, yaani mfungaji wa mizigo ya winchi, kwenye saiti moja hapohapo pwani, tunapandisha mabomba ya chuma. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu ukikanyaga, opareta akashusha miguu akaweka vipande vya mbao viwili vitatu chini ya kila mguu, sisi sote tukaona sawa. Mizigo mitatu ikapanda vizuri. Wa nne bumu likazungushwa upande wa kushoto, nikasikia mlio kama mtu anakanyaga kifuu cha nazi, mguu wa kushoto nyuma ukazama mpaka kwenye goti. Chini palikuwa na shimo la choo la nyumba iliyobomolewa zamani, limefunikwa zege jembamba na mchanga juu, na hamna aliyewauliza wazee wa mtaa. Bomba likashuka na bumu likafuata. Kijana mmoja tuliyekuwa tunakula naye sahani moja alivunjika mguu sehemu mbili, mpaka leo anatembea na fimbo. Nilikuwa mita chache tu kutoka pale na ile shughuli ya kuuliza wazee ilikuwa yangu kama ilivyokuwa ya mtu mwingine yeyote.

Kwahiyo cha kwanza, kabla ya mbao, zunguka mtaa uliza. Hapa palikuwa na nini? Choo kilikuwa wapi? Kisima? Karo? Mikindani ni mji wa miaka mingi sana, chini ya mchanga ule kuna mashimo na misingi ya watu wa vizazi na vizazi. Piga ardhi na chuma kizito usikilize, ukisikia sauti ya debe tupu hamisha mashine.

Cha pili hesabu. Winchi ya tani 25 yenyewe kama gari inakaribia tani 30. Ongeza mzigo wa tani 2 au 3, una kama 32. Bumu likielekea kwenye kona moja, mguu wa kona hiyo peke yake unaweza kubeba robo tatu ya uzito wote, tani 24. Ukiacha mguu ukae kwenye kisahani cha nusu mita kwa nusu mita, ardhi inabanwa kwa tani 96 kwa kila mita moja ya mraba, hamna mchanga wa pwani unaostahimili hiyo. Ukiweka jukwaa la mataruma au mbao nene, limefungwa pamoja, mita 1.2 kwa 1.2, inashuka mpaka kama tani 17. Tofauti yote hiyo imeletwa na mbao. Ziwe kipande kimoja kigumu kisichopinda, vipande vilivyotupwa tupwa vinafyatuka.

Na kama kuna mtaro au shimo limechimbwa, mguu ukae mbali angalau sawa na kina cha shimo, kwenye mchanga kama wako fanya mara mbili. Shimo la mita 2, mguu mita 4. Miguu yote ifunguliwe mpaka mwisho, yote minne, hata kama ukuta wa jirani unabana. Ukuta ukibana mashine ihame. Opareta akikwambia atafungua upande mmoja tu kwa sababu mzigo ni mdogo, muombe akuoneshe chati ya mzigo ya miguu ikiwa imefunguliwa nusu, zipo mashine zenye chati hiyo, na kama hana kazi isimame.

SWALI: Kaka habari, niko Lindi mjini upande wa Mitwero, najenga kituo cha mafuta. Nilikodi winchi kutoka Dar kuja kushusha matangi mawili ya chini ya ardhi ya lita 30,000. Ilifika mwishoni mwa Aprili, mvua ikanyesha siku 3 shimo likajaa maji hatukufanya kitu, siku ya 4 paipu ya haidroliki ya winchi ikapasuka wakangoja spea siku nzima, siku ya 5 ndo tukashusha. Mwenye winchi ananidai siku 5 zote pamoja na kuja na kurudi. Mkataba wetu ulikuwa wa simu na meseji za WhatsApp. Nilipe?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Siku ya paipu kupasuka usilipe, mashine mbovu ni ya mwenyewe, hiyo hata yeye anaijua na ukimwambia kwa upole atakubali. Siku ya kazi lipa, kuja na kurudi lipa kama meseji zinaonesha mlikubaliana. Hizo siku 3 za mvua ndo kisirani, mana kwa desturi ya kazi hii shimo ni lako na kutokuwa tayari ni kwako, mashine na opareta na chakula chake wamekaa Lindi hawawezi kwenda kwingine. Lakini siku ya kungoja haitakiwi kuwa na bei ya siku ya kazi, injini haikuwaka, dizeli haikuungua. Kaeni chini mwambie utalipa ya kungoja kwa bei ya chini, wengi wanaafiki. Na zile meseji usizifute, makubaliano ya maandishi ni makubaliano hata yakiwa kwenye simu.

Safari nyingine iandikwe kabla gari halijawasha. Bei ni ya saa au ya siku, na siku ni masaa mangapi, mara nyingi 8, na hata ukitumia mawili unalipa 8. Saa inaanza kuhesabiwa ikifika saiti au ikitoka yadi. Mafuta ya nani, opareta na riga wake wanalala wapi na kwa hela ya nani. Mvua ikinyesha nani anabeba, upepo je, ikiharibika je na ikizidi siku mbili inaletwa nyingine au vipi. Bei ina VAT ndani au bado, mana asilimia 18 ukiigundua mwishoni inauma, na risiti ya EFD uitake. Halafu kila jioni taimshiti, karatasi moja, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, saa za kusimama na sababu, mnasaini wote wawili. Ungekuwa na karatasi tano zimesainiwa saivi usingekuwa unaniandikia.

Na kalenda jamani. Huku kwetu mvua ni moja ndefu, Desemba mpaka Aprili na wakati mwingine inaingia Mei. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na barabara ya Dar–Lindi ikakatika upande wa Kilwa, magari yakalala njiani siku kadhaa. Winchi inayotoka Dar inapita njia hiyohiyo, ikikwama Kilwa mnabishana nani analipa. Ukiweza subiri Juni.

Jambo lingine, umenipa hofu uliposema shimo lilijaa maji. Tangi la lita 30,000 likiwa tupu ndani ya shimo lenye maji linasukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 30, wakati lenyewe lina tani chache tu. Linaelea kama mtumbwi hata likiwa limeshafukiwa nusu. Kama mmeyashusha bila kuyafunga kwenye zege la chini kwa mikanda ya chuma, yajaze maji kama uzito sasa hivi wakati mnaendelea kufukia, usingoje mvua ya Desemba ikuoneshe.

SWALI: Fundi, winchi yangu itasimama chini ya nyaya za umeme mtaa wa Chikongola, opareta anasema ana uzoefu wa miaka 20 hana shida. Pia jirani kaniambia OSHA, wale wa usalama kazini, ni kwa ajili ya makampuni makubwa tu, kwenye nyumba ya mtu hawahusiki. Ni kweli?

JIBU: Uzoefu wake unaujua wewe na yeye, umeme hauujui. Zile nyaya za mtaani za nguzo ndefu zinabeba kilovolti 11 au 33, na hazihitaji kuguswa, umeme unaruka wenyewe bumu likisogea karibu. Kanuni nyingi zinasema usikaribie chini ya mita 3, mimi nasimama kwenye 6 mana bumu linapinda likibeba na upepo unasukuma mzigo. Nenda ofisi ya TANESCO mapema, siku kadhaa kabla, uombe wazime laini kwa masaa yenu, wanapanga. Ukishindwa, mashine ihame. Na ikitokea bumu limegusa waya, opareta abaki kabini asishuke, na hamna mtu wa chini kulishika gari wala ndoano mpaka TANESCO wathibitishe wamezima.

Kuhusu OSHA jirani yako kakosea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na pakiwa na watu wameajiriwa wananyanyua vitu vizito ni mahali pa kazi, hata kama uwanja ni wa nyumba yako. Kabla hujatoa hata senti muombe mwenye winchi akuoneshe cheti cha ukaguzi kilicho hai cha mashine hiyohiyo, linganisha namba ya chasi, cheti cha opareta, na bima. Bima uisome vizuri, ile ya barabarani inalipa gari likigonga mtu njiani, mzigo ukidondoka kwenye nyumba ya jirani yako hiyo ni habari nyingine, uliza kama kazi ya kunyanyua imeandikwa ndani. Mikanda iangalie kwa mkono wako mwenyewe, ukiona nyuzi zimechanika au lebo ya uzito imefutika usiruhusu itumike.

Kazi ianze saa moja asubuhi, ikifika saa tano kusi lishaamka, vitabu vya mashine nyingi vinasimamisha kazi upepo ukifika mita 10 kwa sekunde, na kwa kitu kipana kama paneli simama mapema zaidi. Mtu wa kutoa ishara awe mmoja tu na opareta amuone muda wote. Ila ishara ya kusimamisha anaweza kuitoa yeyote, hata mama ntilie aliyeleta chai, na opareta asimame.